Baka Lisilowasha: mlinzi wa Kawangware na namna tunavyofunza madaktari wa ngozi Nairobi

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 44, mzaliwa wa Kwale, mlinzi wa usiku kwenye nyumba za kupangisha Lavington, mkaazi wa Kawangware. Maelezo machache yamebadilishwa ili asitambulike. Ugonjwa wake ulipojulikana alikuwa na mabaka saba mwilini, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimeanza kujikunja, na kiganjani ana kidonda cha moto asichojua kilivyompata. Alikuwa ameungua akichemsha chai lindoni. Aliyekiona kidonda ni mkewe, asubuhi mume aliporudi nyumbani.

Ugonjwa wenyewe ni ukoma. Nautaja mapema kwa sababu kuutambua hakukuhitaji mashine wala maabara ya ng'ambo. Kulihitaji pamba na dakika mbili. La kuchambuliwa ni jinsi mtu huyu alivyopita mikononi mwa watu watano waliosomea tiba, kwa karibu miaka miwili, pasiwe na mmoja aliyeichukua hiyo pamba. Mimi ni miongoni mwa wanaofunza madaktari wanaosomea ubingwa wa ngozi, wale tunaowaita maregistra, na faili la mgonjwa huyu limetufundisha zaidi ya mihadhara mingi.

Alivyozungushwa

Alianzia pale wengi wetu huanzia, kwenye duka la dawa mtaani. Akaonyesha baka la bega, lenye rangi iliyofifia kidogo na ukingo unaoonekana, akaambiwa ni mashilingi, akauziwa krimu ya fangasi. Halikubadilika. Zahanati ya karibu ikamwandikia vidonge vya fangasi vya mwezi mzima. Halikubadilika. Kliniki nyingine ikalaumu sare ya kazi na sabuni, ikampa ile krimu mseto ambayo Nairobi hutolewa kwa kila kitu, yenye steroidi (dawa ya kutuliza mwasho na uvimbe), dawa ya fangasi na ya bakteria ndani ya tyubu moja. Hapo akaona nafuu ya wiki mbili tatu, jambo ambalo lilimpotosha zaidi kwa sababu alirudi kuinunua tena na tena.

Kisha akajinyima, akaenda kwa daktari wa ngozi wa kibinafsi mjini. Kumwona peke yake kulikuwa shilingi 3,500. Kwa mtu wa mshahara wa mlinzi hiyo ni sehemu kubwa ya kodi ya nyumba. Alitoka na jina la ukurutu na steroidi kali zaidi. Mgonjwa anakumbuka kwamba daktari alikuwa mpole, alimsikiliza, ila hakumwambia avue shati. Aliangalia bega kupitia ukosi uliovutwa pembeni.

Pesa zilipokwisha ndipo akaja kwenye kliniki yetu ya hospitali ya umma. Siku ya kwanza alionwa na registra wa mwaka wa kwanza, kijana makini, mwenye foleni ya watu mlangoni. Maandishi yake yapo kwenye faili na ni safi kabisa: baka moja begani, ngozi ya Fitzpatrick aina ya VI (nyeusi kabisa katika kipimo cha aina za ngozi), hakuna wekundu, hakuna dalili ya mwasho mkali. Aendelee na krimu, arudi baada ya miezi mitatu.

Alirudi kabla ya miezi mitatu. Kiwiko kilikuwa kinamuuma usiku na sahani zilikuwa zinamponyoka. Safari hii alikutana na registra mwingine, mwanamke wa mwaka wa tatu.

Dakika mbili

Alimsalimu, akamuuliza kwao, kisha akamwomba avue shati na kushusha suruali nyuma ya pazia. Hapo mabaka mengine sita yakaonekana: mgongoni, kiunoni, nyuma ya paja. Mgonjwa mwenyewe hakuwa na habari nayo. Hayawashi, hayaumi, na yako mahali ambapo mtu anayeishi chumba kimoja kisicho na kioo kikubwa hawezi kujiona.

Akachukua pamba, akaisokota ncha. Akamgusa kwanza kwenye ngozi nzima huku mgonjwa akitazama, ili ajue anaulizwa nini. "Sasa baba, funga macho. Nikikugusa, nionyeshe kwa kidole." Mkono, akaonyesha. Shingo, akaonyesha. Katikati ya baka la bega, kimya. Akarudia. Kimya. Akagusa nje kidogo ya ukingo wa baka, kidole kikaja papo hapo. Mgonjwa alipofungua macho akauliza kama bado hajaanza.

Akahamia kiwikoni. Nyuma ya mfupa wa ndani wa kiwiko hupita neva ambayo ukiigonga bahati mbaya mkono mzima husisimka. Ya kulia ilikuwa ya kawaida. Ya kushoto ilikuwa imenenepa, inateleza chini ya vidole kama kamba ya katani, na alipoibonyeza mgonjwa akavuta mkono. Akamwambia abane karatasi kati ya vidole viwili vya mwisho; karatasi ikatoka bila kuvutwa kwa nguvu.

Kipande cha ngozi kilipelekwa maabara, na majibu yalithibitisha. Lakini baka lililokufa ganzi pamoja na neva iliyonenepa vinatosha kumwanzishia mtu matibabu, na hilo limeandikwa kwenye miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi. Kwa kuwa mabaka yalizidi matano, alipewa dawa mseto ya miezi 12: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Hailipiwi, nchini hutolewa kupitia mpango wa kitaifa unaoshughulikia kifua kikuu, ukoma na magonjwa ya mapafu. Kabla ya dapsoni alipimwa damu, kwa sababu watu wa Pwani wengi huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na dapsoni huweza kuvunja chembe zao nyekundu.

Lililokuwa la haraka zaidi lilikuwa neva. Mwili wake ulikuwa umeanza kupigana na bakteria ndani ya ngozi na neva, hali inayoitwa rieksheni, na neva ikivimba namna hiyo huweza kufa. Kama udhaifu haujapita miezi sita, prednisoloni, steroidi ya kumeza, inaweza kuiokoa. Alianzishwa siku hiyohiyo. Leo kidole kimenyooka kiasi na anashika kikombe. Hisia ya kiganja haijarudi yote na pengine haitarudi, kwa hiyo amefundishwa kukagua mikono kila jioni na kutumia kitambaa kushika sufuria.

Turudi kwenye nukuu ya "hakuna wekundu." Tulipomhoji baadaye, mkewe alisema kwamba wiki ile ya ziara ya kwanza bega lilikuwa limenyanyuka na lina joto, alilihisi akilala. Rieksheni ilikuwa imeanza. Registra hakudanganya. Wekundu aliofundishwa kuutafuta haukuwepo. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe wa namna hiyo hujionyesha kwa rangi ya zambarau iliyokolea, au kahawia nzito, au kijivu, na mara nyingi mkono huujua kabla ya jicho: joto, kuinuka, kung'aa kwa ngozi iliyovutika. Fomu yetu ilikuwa na kisanduku cha wekundu, upo au haupo. Akaweka alama ya haupo, na kisanduku kikamfungia mlango.

Hata ile Fitzpatrick aina ya VI aliyoiandika haikumsaidia. Kipimo hicho kilianzishwa mwaka 1975 na daktari wa Marekani, Thomas Fitzpatrick, ili kukadiria kiasi cha miale ya tiba ambacho wagonjwa weupe wangestahimili bila kuungua. Aina za ngozi nyeusi ziliongezwa baadaye. Nairobi karibu kila anayeingia mlangoni ni V au VI, kwa hiyo kukiandika kwenye faili ni sawa na kuandika kwamba mgonjwa alikuja na miguu.

Rangi ya daktari haikutosha

Huko Marekani wenzetu wamelijadili kwa mapana jambo hili la ngozi nyeusi kusahauliwa kwenye taaluma yetu. Makala iliyozua mjadala mkubwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba Wamarekani weusi ni asilimia 3 tu ya madaktari wa ngozi, wakati wao ni kama asilimia 13 ya wananchi. Waliohesabu picha za vitabu vya kufundishia, mwaka 2021, walikuta ngozi nyeusi ni kati ya asilimia 4 na 18 ya picha, kutegemea kitabu. Dawa inayopendekezwa huko ni kuongeza madaktari weusi na kubadilisha picha. Sina ugomvi na hilo.

Ila kisa chetu kinakataa kuingia kwenye mtungi huo. Watano waliomwona mlinzi huyu wote ni Waafrika, na hakuna aliyeogopa wala kudharau ngozi yake. Tena ukoma ni mmojawapo wa magonjwa machache ambayo vitabu huyaonyesha kwa ngozi nyeusi kwa wingi! Tatizo ni hatua inayoonyeshwa: uso uliojaa vinundu, vidole vilivyokatika, pua iliyobonyea. Mwanafunzi aliyekuza jicho kwa picha hizo huona baka jepesi begani na hawazi kabisa kwamba ndivyo ugonjwa ule unavyoanza. Picha zilikuwepo na zilimpotosha.

Kwa hiyo huwa napata taabu wageni wanapotuletea mafunzo ya usawa na kudhani kwamba Nairobi tumeshamaliza kazi kwa kuwa maregistra wote ni weusi. Utofauti unaokosekana kwetu uko kwingine: nani anatoka kaunti gani, nani aliwahi kufanya kazi wapi, nani anaweza kumudu kusoma, na nani anaruhusiwa kufundisha.

Chukua registra aliyeshika pamba. Hatoki Pwani wala hana undugu na ukoma. Kabla ya kuja Nairobi alifanya kazi Busia, kaunti yenye hospitali ya Alupe iliyoanza kama makao ya wagonjwa wa ukoma. Aliyemfundisha kupapasa neva alikuwa afisa wa kliniki, yaani tabibu asiye na shahada ya udaktari, mmoja wa wale waliosomea kifua na ngozi katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ambaye angemwona mgonjwa wa ukoma mchana na wa kifua kikuu jioni. Daktari akajifunza kwa tabibu. Hili hutokea kila siku vijijini na halionekani popote kwenye mitaala yetu.

Kenya ilifikia kiwango ambacho baadaye kikawa lengo la kimataifa, chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000, mwishoni mwa miaka ya 1980. Lilikuwa jambo la kujivunia. Lakini baada ya hapo ugonjwa uliondoka vichwani haraka kuliko ulivyoondoka miilini. Wagonjwa wapya huandikishwa kila mwaka, wengi wao Pwani na magharibi mwa nchi, na bakteria huyu huweza kukaa mwilini miaka mitano, kumi, hata ishirini kabla ya baka la kwanza. Mlinzi wetu aliondoka Kwale akiwa kijana. Ugonjwa ulipanda basi naye. Jiji linalopokea watu kutoka kaunti zote 47 haliwezi kuwa na madaktari wa ngozi wanaojua magonjwa ya jiji tu, na mafunzo yetu mengi hufanyika humu humu jijini: chunusi, madoa ya krimu za kujichubua, nywele zinazokatika, ukurutu wa watoto. Yote ni ya haki yake. Hayakufundishi kupapasa kiwiko.

Aliyekaribia kutupotea

Kuna sehemu ya kisa hiki isiyo kwenye faili la mgonjwa. Registra yule hakuwa ameachiliwa na kaunti yake kwa likizo ya masomo yenye mshahara. Alijiuzulu ili asome, akajilipia karo, na wakati huohuo akawa anahudumia wagonjwa kwetu mchana kutwa bila malipo, kama wengi wanaojigharamia. Usiku alifanya lokamu, yaani zamu za kibarua, kwenye hospitali ndogo za mitaani ili apate kodi. Mwaka wa pili alileta barua ya kusimamisha masomo. Ilikaa kwenye droo ya ofisi kwa muda, kisha familia ikachanga, akaendelea.

Watu hulitaja jambo hili kama suala la ustawi wa madaktari, na ni kweli. Mimi nalitazama pia kwa jicho la mlinzi. Anayeweza kukaa miaka minne bila mshahara Nairobi kwa kawaida ni mtu ambaye wazazi wake wako Nairobi, au ana akiba iliyotokana na kazi za hapa hapa. Hivyo mfumo unachuja, bila mtu kukusudia, na kuwatoa hasa wale waliotumikia Lodwar, Garissa, Lunga Lunga au Busia. Wanaobaki wakihitimu hubaki jijini, na ndiyo maana kaunti nyingi hazina daktari wa ngozi hata mmoja.

Usaili wetu nao unaongezea chumvi. Alama hutolewa kwa makala zilizochapishwa. Ni nani huchapisha? Aliyekuwa karibu na chuo kikuu. Registra wetu aliingia bila hata makala moja, akiwa katika nafasi za mwisho kwenye orodha. Miaka aliyofanya kazi Busia haikuwa na kisanduku.

Mwenzangu mmoja katika idara, mtu ninayemheshimu, halikubali fasiri hii. Anasema mzembe ni mzembe, atoke Karen au Kakuma, na kwamba daktari yeyote aliyefunzwa vizuri angevua mgonjwa shati. Kwa shati namuunga mkono mia kwa mia. Hakuna nadharia ya usawa inayohitajika ili kumtazama mtu mwili mzima. Lakini anaposema kwamba kuwapa nafasi wa kaunti za mbali ni kushusha kiwango, namrudisha kwenye alama za usaili. Aliyeandika "hakuna wekundu" aliingia kwa alama za juu kuliko za aliyeshika pamba. Sasa tunapima kiwango cha nini?

Yaliyobadilika, na yaliyokwama

Kisanduku cha wekundu kimefutwa. Mahali pake registra huandika rangi ya baka ikilinganishwa na ngozi iliyo jirani, kama limeinuka, kama lina joto mkono ukilifunika, na kama linahisi pamba. Hilo la mwisho ni lazima kwa kila baka lililofifia, hata kama daktari ana hakika kwamba ni fangasi. Wakubwa walinung'unika kuhusu muda, wakazoea. Tumeanza pia kukusanya picha za wagonjwa wetu wenyewe, kwa idhini yao, karibu na dirisha na siyo chini ya taa ya manjano, zikiwa za ugonjwa ukiwa mchanga. Picha ya bega la mlinzi ipo, bila uso. Aliitoa kwa sharti kwamba jina la ugonjwa lisitajwe kwenye barua yoyote ya kwenda kazini kwake, na ndivyo tulivyofanya: barua ilisema ana ugonjwa wa ngozi na neva unaotibika, anahitaji ruhusa ya siku za kliniki. Klofazimini ilipofanya ngozi yake iwe nyeusi zaidi, alimwambia msimamizi wake kwamba ni jua la Kwale.

Mkewe na watoto watatu walikaguliwa, hakuna aliyekutwa na dalili. Baada ya kuhakikisha kwamba hawana kifua kikuu, walipewa rifampisini ya dozi moja, kinga ambayo Shirika la Afya Duniani lilianza kuipendekeza mwaka 2018 kwa watu wa karibu na mgonjwa. Kwale bado wapo mama yake na ndugu wawili. Simu ilipigwa kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa kule, naye ameahidi kuwafikia.

Kuhusu mafunzo, maafisa wa kliniki wa kifua na ngozi sasa hualikwa kufundisha maregistra kupapasa neva. Haikuwa rahisi. Wapo waliouliza ni kwa cheti gani tabibu atamfundisha daktari. Nikawakumbusha kwamba jirani zetu wa Moshi, Tanzania, kwenye kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, walijenga kazi yao yote juu ya maafisa wa namna hiyo kutoka nchi nyingi za Afrika, na kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wa ngozi wa bara hili hawatawahi kumwona mtu mwingine.

Lililokwama ni pesa. Tumeomba kila registra atumie majuma sita Busia au Pwani, kwenye kliniki za kawaida, chini ya hao maafisa. Kaunti zimekubali kuwapokea. Chuo kimekubali kuhesabu majuma hayo kama masomo. Nauli na malazi hakuna aliyekubali, na kwa registra anayejilipia karo majuma sita nje ya Nairobi maana yake ni majuma sita bila lokamu. Pendekezo la kuwapeleka wenye mshahara tu nilikuwa wa kwanza kulipinga kwenye kikao, na kikao kikaahirishwa. Usaili wa kundi lijalo utafanyika kabla hakijakutana tena. Angalau safari hii fomu ina sehemu ya mahali mtu alipofanya kazi, ingawa bado hatujaafikiana ipewe alama ngapi.